Simu ya Mkononi na Afya ya Familia: Inapima Nini, Haipimi Nini?



Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tungependa kuzungumza juu ya kitu ambacho siku hizi hakikosekani nyumbani, hata siku ambayo chumvi imekosekana: simu ya mkononi. Hatutasema juu ya bei yake, wala juu ya vijana wanaokesha wakiitazama, maana hayo mmekwisha kuyasikia sana. Tunataka kuziangalia programu zinazowekwa ndani ya simu, pamoja na vifaa vidogo vinavyouzwa kuandamana nayo, ambavyo watu husema vinasaidia afya. Vingine vinasaidia kweli. Vingine vinaweza kumpeleka mtu kaburini.

Tuanze na jambo lililotokea jirani nasi. Mzee mmoja mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu, au presha kama wengi wanavyouita, aliambiwa na mganga ameze vidonge kila siku, na kila mwezi arudi kupimwa. Zahanati iko mbali, na nauli ni taabu. Mjukuu wake, kijana mwenye nia njema kabisa, akapakua katika simu yake ya tachi programu ya bure inayodai kupima presha. Mzee anaweka kidole juu ya kamera, taa inawaka, na baada ya nusu dakika namba zinatokea: 121 kwa 79. Kesho yake tena: 118 kwa 76. Mzee akafurahi, akasema amepona, akaacha vidonge. Miezi miwili ikapita hivyo. Siku alipokwenda zahanati kwa ajili ya mguu uliokuwa ukimuuma, mwuguzi akamfunga mkanda wa kipima presha, kwa desturi tu ya kazi, akapata 196 kwa 112. Akarudia mara tatu. Mzee akatoa simu mfukoni ili kumwonyesha mwuguzi kwamba mashine ya zahanati ni mbovu.

Hatumlaumu mzee, wala mjukuu. Walidanganywa na namba. Namba ikitokea kwenye kioo chenye rangi nzuri huonekana kuwa ni kweli. Kwa hiyo, kabla ya kuiamini programu yoyote ya afya, yafaa tujiulize swali moja: je, simu hii ina chombo cha kukijua kitu hiki?

Simu ina nini ndani?

Simu janja ya kawaida ina saa, kamera, taa, kinasa sauti, kipaza sauti, kumbukumbu ya kutunza maandishi na picha, na kidude kidogo kinachotambua inapotikiswa au kuinamishwa. Nyingi zina pia chombo cha kujua mahali zilipo. Hivyo ndivyo vyombo vyake vikuu. Programu ni maelekezo tu ya namna ya kuvitumia. Haiwezi kuumba chombo ambacho hakimo.

Chukueni mfano wa mapigo ya moyo. Ukifunika kamera kwa kidole huku taa ikiwaka, mwanga hupenya katika nyama. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo kidoleni na kumeza mwanga zaidi. Ukipumzika, mwanga hurudi. Kamera huona badiliko hilo, na saa huhesabu. Kwa hiyo simu inaweza kuhesabu mapigo, na mtu akitulia bila kutikisika hesabu hiyo mara nyingi huwa karibu na kweli. Lakini hata bila programu, vidole viwili juu ya kifundo cha mkono na saa ya ukutani vinafanya kazi ileile, wala havimalizi bando.

Presha ni jambo jingine. Hiyo ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa. Fikirini mpira wa kumwagilia bustani. Kwa macho unaweza kuona maji yanavyoruka, lakini huwezi kujua yanasukuma kwa nguvu kiasi gani mpaka uubane mpira. Ndiyo maana mwuguzi hufunga mkanda mkononi, akaujaza upepo hadi damu isimame, kisha akaulegeza pole pole. Simu haina mkanda. Haibani kitu. Hata zile saa za mkononi za Samsung zinazokadiria presha hutakiwa kusawazishwa na kipima presha cha mkanda kila baada ya wiki 4.

Jambo hili limekwisha kuchunguzwa. Huko Marekani ilikuwapo programu iliyoitwa Instant Blood Pressure, iliyouzwa kati ya mwaka 2014 na 2015, nayo ilinunuliwa sana. Mtu aliweka kidole kwenye kamera na kuishika simu kifuani. Waganga wa Johns Hopkins waliwapima watu 85 kwa programu hiyo na kwa kipima presha cha kweli, wakatangaza matokeo mwaka 2016: karibu watu 4 katika kila 5 waliokuwa na presha ya juu waliambiwa na simu kwamba hawanayo. Mwezi Desemba mwaka huohuo, tume ya serikali inayolinda wanunuzi ikaishtaki kampuni hiyo kwa kudanganya watu, na shauri likamalizika kwa makubaliano. Programu hiyo imeondoka, lakini ndugu zake wangali wamejaa.

Vivyo hivyo na homa. Simu nyingi hupima joto la betri yao tu. Mama aliye na mtoto mchanga anunue kipimajoto cha kweli. Kikiwekwa kwapani kikaonyesha nyuzi 37.5 au zaidi, mtoto ana homa, na apelekwe akapimwe malaria. Asitibiwe kwa kubahatisha.

Mambo ambayo simu huyafanya vizuri

Baada ya kusema hayo, tusije tukaitupa simu. Programu bora kuliko zote kwa mgonjwa imo tayari ndani ya simu, haihitaji kupakuliwa wala bando: ni ile ya saa, yenye alamu. Mwenye dawa za presha, za kisukari, za kifua kikuu au za kupunguza makali ya UKIMWI, atege alamu ilie kila siku saa ileile, na aiandikie jina la dawa. Kosa ambalo wengi hufanya ni kuizima alamu kwa kusema “nitameza sasa hivi”, halafu wakasahau. Afadhali kuiacha ilie hadi kidonge kiwe mdomoni. Nyumba nzima itakuhimiza!

Hapa tungependa kukaa kidogo, maana kuna jambo la kujivunia lililofanyika kwa majirani zetu wa Kenya. Kuanzia mwaka 2007, wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za UKIMWI katika kliniki 3 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja liliendelea na huduma ya kawaida. Kundi la pili lilipokea kila wiki ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa mwuguzi, neno moja tu: “Mambo?” Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa saa 48, ama “Sawa” ama “Shida”. Aliyejibu “Shida”, au aliyenyamaza, mwuguzi alimpigia simu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la waganga liitwalo The Lancet. Katika kundi la ujumbe, wagonjwa 62 kwa kila 100 walimeza dawa zao inavyotakiwa. Katika kundi jingine walikuwa 50. Virusi vilipungua hadi kutoonekana kwa wagonjwa 57 katika 100, dhidi ya 48.

Angalieni vizuri. Hapakuwa na simu janja wala intaneti. Ujumbe wenyewe haukuitaja dawa kamwe, kwa hiyo hata jirani akichungulia simu asingejua kitu. Kilichosaidia ni kwamba mtu fulani aliuliza, na kimya chako kilimfanya akutafute. Hebu basi, katika familia zetu, mtoto aliyeko mjini anayemtumia mama yake picha za vichekesho kila asubuhi, amtumie na neno hilo moja. Mama asipojibu, apige.

Yule mzee wetu naye ametegewa alamu na mjukuu wake: sauti ya jogoo, saa 1 asubuhi. Ikilia, mjukuu analeta maji. Kila mwezi huenda kupimwa kwa mkanda, na namba za mwuguzi huandikwa ndani ya simu ileile iliyompoteza.

Kamera nayo ni msaada mkubwa. Pigeni picha ya kadi ya kliniki ya mtoto, ya kadi ya mgonjwa, na ya kila pakiti ya dawa mnayotumia, upande wenye jina la dawa na kipimo. Wagonjwa wangapi hufika hospitali wakisema, “Ni vidonge vyeupe, vidogo vidogo”! Nusu ya dawa zote duniani ni vidonge vyeupe, vidogo vidogo. Wazee ambao macho yamepungua waielekeze kamera kwenye maandishi na kuyakuza, wapate kusoma tarehe ya mwisho ya dawa. Tena, katika simu janja nyingi ipo sehemu ya habari za dharura, ambapo unaweza kuandika dawa unazotumia, dawa zinazokudhuru na namba ya ndugu wa kupigiwa. Msamaria akikukuta umezimia njiani, ataziona bila kujua namba yako ya siri. Sehemu hiyo wengi hawajawahi kuifungua.

Juu ya programu za kuhesabu hatua: zinahesabu vizuri kiasi, mradi simu iwe mfukoni. Ile hesabu ya hatua 10,000 kwa siku inayotajwa sana ilitokana na jina la kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965. Haikuanzia kwa waganga. Kwa karani anayekaa kitini kutwa, programu hiyo yaweza kumwamsha. Mama anayefuata maji bondeni asisumbuke nayo.

Programu za kuhesabu siku za mwanamke

Wanandoa wengi wanaofuata uzazi wa mpango kwa njia ya asili wametuuliza juu ya programu hizi. Tunajibu kwa swali letu lilelile: simu inajua nini? Inajua kalenda. Unaiambia siku ya kwanza ya hedhi, nayo inapiga hesabu na kupaka rangi siku za rutuba. Lakini yai halisomi kalenda. Ugonjwa, safari, msiba, na hasa kunyonyesha baada ya kujifungua, huweza kulichelewesha. Ipo njia ya kuhesabu inayozichukua siku ya 8 hadi ya 19 kuwa za rutuba, lakini hiyo ni kwa mwanamke ambaye mizunguko yake huwa kati ya siku 26 na 32. Mwenye mizunguko isiyotulia hawezi kuitegemea, hata simu yake iwe ya bei gani.

Chombo cha kupimia hapa ni mwanamke mwenyewe, anayeangalia ute wake kila siku, kama wanavyofundishwa wafuasi wa njia ya Billings. Simu iwe daftari tu la kuandikia alichokiona. Na daftari hilo lisiwe wazi kwa kila mtu: mwaka 2021 kampuni yenye programu iitwayo Flo ilifikia makubaliano na tume ileile ya Marekani, baada ya kushtakiwa kwamba ilipeleka habari za siri za wanawake kwa makampuni mengine, zikiwamo Facebook na Google. Daftari la karatasi, likifichwa kabatini, halimpelekei mtu habari zako.

Vifaa vinavyoandamana na simu

Kifaa kimoja tunachokisifu ni kipima presha cha mkanda. Vingine siku hizi huunganishwa na simu na kutunza namba zote. Chagueni cha kufungwa juu ya kiwiko, si cha kifundo cha mkono. Kabla ya kupima, mtu akojoe, akae dakika 5 ameegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, wala asiongee. Ikionyesha 140 kwa 90 au zaidi siku mbili tofauti, aende kwa mganga. Jumuiya ndogo ndogo ikichanga, kipima presha kimoja chaweza kuhudumia nyumba nyingi.

Hedifoni zisipigwe kwa sauti kubwa. Kama aliyekaa karibu nawe anausikia muziki wako, umezidisha. Watoto wa chini ya miaka 2 wasitulizwe kwa simu kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa 1 kwa siku, kadiri ya ushauri uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019.

Chaja isiachwe kitandani, wala simu isichajiwe chini ya mto. Betri au pawa benki iliyovimba isichajiwe tena, isitobolewe, isitupwe motoni.

Mwisho, vile vibetri vidogo vya duara, kama vifungo vya shati, vinavyowekwa katika vipimajoto, rimoti na vitochi vya bei nafuu. Mtoto akikimeza kikakwama kooni, kinaweza kuunguza koo ndani ya saa 2, hata kama halii. Ukishuku tu kwamba amekimeza, usimtapishe, usingoje kukiona chooni. Mpeleke palepale kwenye hospitali yenye eksirei, na kama kipo kingine cha aina hiyo nyumbani, kichukue ukamwonyeshe mganga.