Tamathali za Usemi: Anza na Sentensi, Jina Litafuata

Ukiwapa wanafunzi wa kidato cha nne dondoo, macho hukimbilia neno "kama". Wakishaliona, wameandika "tashbihi" na kufungua ukurasa mwingine. Ndiyo maana darasani kwangu orodha ya tamathali hukaa kabatini kwanza. Tunaanza na zoezi moja: chukua sentensi, iseme upya kwa maneno makavu, kisha ujiulize kimepotea nini.

Tuseme mwandishi kaandika, "Jua la Lodwar lilimcharaza mgongoni mpaka akapiga magoti." Kwa maneno makavu, jua lilikuwa kali, naye akachoka. Aliyepotea ni yule anayechapa. Jua lilikuwa limepewa mkono na kiboko, na aliyechapwa alikuwa amedhalilishwa. Basi hiyo ni tashihisi, na maelezo ya kuandika baada ya jina umeshayapata. Kwenye Karatasi ya Tatu ya KCSE, ile ya fasihi, jina tupu halikufikishi mbali. Toa mfano, onyesha umeelewa.

Turudi kwa "kama". "Mkali kama pilipili" ni tashbihi. "Kama mvua itanyesha" ni sharti tu, na "alifanya kama alivyoagizwa" inaeleza namna. Tafuta vitu viwili vinavyofananishwa. Usipoviona, songa mbele. Tena ulinganisho huja pia na "mithili ya", "sawa na" au "utadhani". Viunganishi hivyo vikiondoka na mtu akaambiwa ulimi wake ni pilipili, umeshaingia kwenye sitiari.

Chuku, takriri na tanakali za sauti sitazitolea jasho, maana ukisoma kwa sauti utazitambua. Balagha nayo ina kipimo chepesi: je, msemaji anangoja jibu? Mama mboga akimuuliza mteja wa mkopo, "Kwani mimi ni mama yako?" hangoji aonyeshwe cheti cha kuzaliwa.

Kinachowatesa watu hasa ni kinaya na kejeli. Kejeli ina mtu anayelengwa na dharau. Mume anaingia saa saba usiku, mke anamwambia, "Leo umewahi kweli, baba watoto!" Hiyo ni kejeli. Kinaya hakihitaji mdomo wa mtu. Mambo yenyewe huenda kinyume na matarajio, kama fundi wa umeme ambaye nyumbani kwake wanawasha kibatari. Huenda hata mwenyewe haoni ajabu yoyote.

Nikitaka kuona nani ameelewa, huwapa majina ya wahusika katika *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora. Wengi huandika "majazi", yaani jina linaloakisi tabia ya mhusika, kuanzia juu hadi chini. Kwa Madhubuti wamepatia, kwa kuwa kijana huyo ana msimamo na anakataa njia za baba yake. Lakini baba mwenyewe ni Mtemi Nasaba Bora, dhalimu na mnyakuzi wa mashamba ya watu. Jina linasifu ukoo, matendo yanautia aibu. Hicho ni kinaya. Ni baba na mwana, ila majina yao yanafanya kazi mbili tofauti, na hutazijua bila kusoma wanayoyatenda. Kwa hiyo mwanafunzi akiniletea jina la mhusika na neno "majazi" pembeni, namrudishia daftari anionyeshe tendo.