Ukishtakiwa kwa Deni la Zamani

Ukiletewa hati ya wito kwa deni la zamani, usiifiche sandukuni. Anyamazaye aweza kuhukumiwa hali hayupo. Hapa Tanzania, aliyeshtakiwa katika Mahakama ya Wilaya hupewa siku 21 tangu apokeapo hati, apeleke majibu kwa maandishi. Basi, tafuta stakabadhi zako, ukahesabu miaka. Sheria ya mwaka 1971 yakataza shauri la deni la mapatano lisiletwe baada ya miaka 6. Lakini angalia: ukilipa sehemu, au ukikiri deni kwa sahihi yako kabla muda haujaisha, miaka huhesabiwa upya. Ulilolipa, lionyeshe, usilolipa, usilikane. Miaka hufunga mlango wa mahakama, wala haifuti ahadi uliyomwahidi jirani yako.