Mwalimu ugenini: Siku ya kwanza isiwe hukumu



Kila mwaka vijana wetu wanahitimu vyuo, vya ndani na vya nje, kisha wanatawanyika kwenda kufundisha dini. Wapo wanaovuka mipaka na wapo wanaopelekwa vijijini, ambako kwa mtu aliyekulia Kariakoo nako ni ugenini. Wote hufika na mizigo miwili: begi la vitabu, na hukumu wanayoitoa siku ya kwanza. Leo tuutazame huu mzigo wa pili, kwani umeharibu kazi ya walimu wengi, nami nikiwemo.

Nilifika Msowero, wilayani Kilosa, nikiwa na shahada yangu mpya. Nilipanda gari Msamvu, Morogoro, tukaiacha barabara ya Dodoma pale Dumila na kushika njia ya Kilosa. Jioni ile nikamkuta mzee mmoja anasomesha watoto chini ya mwembe. Herufi ya dhaal anaitamka zai, na watoto wanamfuata. Baada ya Maghrib nikasimama mbele ya watu wote, nikamsahihisha. Nikatangaza pia kuwa kuanzia kesho madrasa itakuwa asubuhi, kama mjini.

Asubuhi wakaja watoto wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kesho yake hivyo hivyo. Moyoni nikahitimisha: watu hawa hawajali dini.

Ukweli niliujua baada ya wiki mbili. Mpunga ulikuwa umetoa masuke, na watoto walikuwa mashambani tangu alfajiri wakiamia ndege. Familia isiyoamia haivuni. Yule mzee alikuwa anasomesha jioni kwa sababu ndio wakati ambao watoto wapo. Nikamfuata nyumbani kwake kuomba radhi. Akanikaribisha mkekani, akasema, "Mwanangu, elimu unayo. Watoto tunao sisi. Njoo wakati wapo."

Mafunzo kutoka kwa waliotangulia

Hili halikuanza na sisi. Mwaka mmoja kabla ya Hijra, Mtume (s.a.w) alimtuma Mus'ab bin Umayr (r.a) kwenda Yathrib kufundisha. Alikuwa kijana wa Makka, mgeni katika mji wenye makabila yaliyotoka kupigana. Alifikia kwa As'ad bin Zurara (r.a), mwenyeji wa pale. Siku moja wakiwa wamekaa na watu bustanini, akaja Usayd bin Hudhayr, kiongozi katika kabila lake, mkuki mkononi, akiwafokea waondoke.

Tujiulize: sura ya kwanza ya mtu huyu ilikuwa ipi? Adui mwenye silaha. Lakini Mus'ab alimuomba akae asikilize. Akipenda akubali, asipopenda wao wataacha. Usayd akaona hiyo ni haki, akauchomeka mkuki chini na kukaa. Hakuondoka pale ila amesilimu, na baadaye akawa miongoni mwa Maansari wakubwa. Lau Mus'ab angemhukumu kwa ule mkuki, angempoteza.

Mfano wa pili ni Muadh bin Jabal (r.a). Alipokuwa anatumwa Yemen, Mtume (s.a.w) alimjulisha kwanza anakwenda kwa watu gani, kuwa ni watu waliopewa Kitabu. Kisha akampa mpangilio: aanze na tauhidi, wakikubali awafundishe Swala, kisha Zaka, na ajihadhari asichukue mali zao zilizo bora. Yeye na Abu Musa (r.a) waliusiwa kurahisisha mambo na kutowakimbiza watu.

Mfano wa tatu uko hapa kwetu pwani. Habib Saleh, mzaliwa wa Komoro aliyefariki mwaka 1935, alihamia Lamu katika karne ya 19. Mji ule ulikuwa na wanachuoni na koo zenye heshima. Yeye akaona ambao hawakuwa na nafasi katika darsa za mji: watumwa, wageni na mafukara. Akawasomesha hao. Baadhi ya wakubwa hawakupendezwa, lakini kazi yake ikazaa Msikiti wa Riyadha na chuo chake, kikawa kituo cha elimu kwa Afrika Mashariki nzima.

Tunajifunza nini?

Kwanza, mwalimu mgeni aulize kabla ya kufundisha. Watu wanalima nini, wanapumzika saa ngapi, nani amewasomesha kabla yangu? Aulize pia majeraha yao. Katika wilaya hii ya Kilosa, Desemba 2000, watu zaidi ya 30 waliuawa pale Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mgeni asiyejua hayo anaweza kutoa mzaha mmoja juu ya wafugaji akatonesha kidonda cha jamaa nzima.

Pili, aanze na mwenyeji. Mus'ab alikuwa na As'ad. Mimi nilikuwa na yule mzee, nikamvunjia heshima usiku wa kwanza. Kosa la herufi lilikuwa kweli, na lilihitaji kurekebishwa. Lakini nasaha ya hadharani mara nyingi huwa fedheha.

Tatu, nyinyi ndugu zetu wa mjini mnaochangia kupeleka walimu, msitosheke na nauli na misahafu. Muulizeni mwalimu baada ya mwezi: umejifunza nini kwao? Asiye na jibu bado hajaanza kufundisha.

Madrasa yetu ilirudi jioni. Mzee aliendelea na watoto wadogo, mimi nikachukua wakubwa. Baada ya Isha, watu wakishatawanyika, alikuwa anakuja na msahafu wake, anakaa mbele yangu, kijana wa umri wa wanawe, tunarudia dhaal mpaka ikakaa. Unyenyekevu ule sikuusoma chuo kikuu.

Allah (s.w) atuwafikishe. Amin.