Orodha ya Dawa za Mgonjwa: Namna ya Kuitunza Ili Ilingane na Dawa Zinazotumika Kweli

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ulilenga biashara, lakini unafaa pia katika zahanati na vituo vya afya, ambako kinachotunzwa ni uhai wa watu. Mgonjwa mwenye shinikizo la juu la damu, kisukari, pumu, kifafa au maambukizi ya virusi vya UKIMWI hutumia dawa kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo dawa huongezwa, hupunguzwa, hubadilishwa na husitishwa. Kila badiliko lisiloandikwa huifanya orodha yake isiwe ya kweli, na tabibu anayeitegemea orodha hiyo hufanya uamuzi kwa taarifa za mwaka jana.

Somo hili linaeleza orodha sahihi ni ipi, huharibikaje, na nini kifanywe na mgonjwa, familia yake na watumishi wa kituo ili ibaki sahihi.

Maana ya orodha sahihi

Kila mgonjwa wa muda mrefu ana orodha tatu za dawa. Ya kwanza imeandikwa katika jalada, katika daftari la mgonjwa au katika kompyuta ya kituo. Ya pili ni dawa zilizopo nyumbani kwake, katika mfuko, kabati au chini ya mto. Ya tatu ni dawa anazomeza kweli kila siku. Orodha huitwa sahihi pale tu zote tatu zinapolingana.

Mwandiko mzuri na muhuri wa kituo havitoshi kuthibitisha usahihi huo. Vituo vinavyotumia mfumo wa kielektroniki, kama GoT-HoMIS, vimeondokana na tatizo la majalada kupotea na mwandiko usiosomeka. Hata hivyo kompyuta huhifadhi kile ilichoingiziwa. Haijui dawa iliyonunuliwa dukani juzi, wala kidonge ambacho mgonjwa aliacha kukimeza kwa sababu kilimsumbua tumbo.

Orodha huharibikaje?

Sababu ya kwanza ni kuhama kwa mgonjwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Anayepewa rufaa kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya hurudi na dawa mpya, ilhali jalada lake katika zahanati limebaki na dawa za zamani. Shirika la Afya Duniani (WHO), lilipozindua mwaka 2017 kampeni ya kimataifa ya kupunguza madhara ya dawa yanayoweza kuzuilika, lilitaja maeneo matatu ya kupewa kipaumbele: mgonjwa anapohama kati ya huduma, mgonjwa anapotumia dawa nyingi kwa pamoja, na mazingira yenye hatari kubwa zaidi. Mzee wa kijijini mwenye maradhi mawili aliyetoka kulazwa hospitalini anaweza kuwa katika maeneo yote matatu kwa wakati mmoja.

Sababu ya pili ni majina. Dawa moja huuzwa kwa majina mengi ya kibiashara. Panadol ni parasetamoli, na parasetamoli hiyohiyo imo ndani ya dawa nyingi za mafua. Mgonjwa anayemeza zote mbili hudhani ametumia dawa mbili tofauti, kumbe amerudia moja. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 za parasetamoli, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, katika saa 24. Zaidi ya hapo ini huweza kudhurika. Hali hiyohiyo hutokea dawa ya shinikizo inapokosekana kituoni na mgonjwa akanunua nje yenye jina jingine, kisha ya kituoni ikapatikana naye akaanza kumeza zote mbili.

Sababu ya tatu ni namna kipimo kinavyoandikwa. Juu ya bahasha nyingi za dawa huandikwa 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Wapo wanaosoma alama hiyo kinyume, wakameza vidonge vitatu kwa mara moja. Maneno ni salama zaidi: kidonge 1 asubuhi, kidonge 1 mchana, kidonge 1 usiku.

Sababu ya nne ni ukimya. Mgonjwa huogopa kugombezwa akisema ameacha dawa, au huona aibu kutaja dawa za asili. Mtumishi naye, akikabiliwa na foleni ndefu, huuliza kwa haraka, "Dawa unakunywa?" Jibu huwa "Ndiyo", na ukweli hubaki nyumbani.

Mfano wa kujifunzia

Uchukuliwe mfano wa bibi mwenye umri wa miaka 62, mwenye shinikizo la damu na kisukari. Jalada lake katika zahanati linaonyesha dawa mbili: amlodipini ya miligramu 5 mara moja kwa siku na metformini ya miligramu 500 mara mbili kwa siku. Mwezi uliopita alilazwa hospitalini. Huko amlodipini ilipandishwa hadi miligramu 10, ikaongezwa losatani ya miligramu 50 na kidonge cha kutoa maji mwilini.

Nyumbani boksi la zamani lilikuwa halijaisha. Kwa kuwa hakuna aliyemwambia aliache, bibi humeza kidonge cha miligramu 5 pamoja na kile cha 10. Metformini aliiacha wiki tatu zilizopita kwa sababu ilimharisha. Kwa maumivu ya magoti, mjukuu wake humnunulia diklofenaki dukani. Asubuhi hunywa uji wenye unga wa mlonge. Anapofika kliniki, miguu yake imevimba na sukari imepanda.

Tabibu anayesoma jalada pekee huona metformini imeshindwa kazi, akaongeza glibenklamidi. Huona miguu imevimba, akaandika kidonge kingine cha kutoa maji. Bibi huondoka na dawa mbili zaidi. Akitishwa na matokeo ya kipimo na kuirudia metformini, sukari yake inaweza kushuka mno hadi akapoteza fahamu.

Tabibu anayeomba kuuona mfuko wa dawa hufikia uamuzi mwingine. Miguu kuvimba ni athari inayojulikana ya amlodipini, hasa kipimo kinapokuwa kikubwa; bibi alikuwa akimeza miligramu 15, ilhali kiwango cha juu kwa siku ni 10. Diklofenaki hupandisha shinikizo na huweza kuzuia maji kutoka mwilini. Ikitumiwa pamoja na losatani na kidonge cha kutoa maji, huhatarisha figo. Kuharisha ni usumbufu wa kawaida wa metformini, na mara nyingi hupungua dawa inapomezwa pamoja na chakula na kipimo kikapandishwa polepole. Boksi la zamani linaondolewa, diklofenaki inasitishwa na nafasi yake kuchukuliwa na parasetamoli, metformini inaanzishwa upya kwa utaratibu, na figo zinapimwa. Bibi anarudi nyumbani na dawa chache kuliko alizokuja nazo.

Ugonjwa haukubadilika kati ya maamuzi hayo mawili. Kilichobadilika ni orodha iliyokuwa mezani.

Dawa zinazosahaulika

Watu wengi wakiulizwa juu ya dawa hukumbuka vidonge tu. Orodha kamili hujumuisha pia:

– Sindano, vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu, hupunguza nguvu ya vipandikizi na vidonge hivyo. Mama anayeanza tiba hiyo anahitaji ushauri wa njia nyingine.

– Dawa za kuvuta za pumu na matone ya macho. Baadhi ya matone ya presha ya macho, kama timololi, huweza kuamsha pumu.

– Dawa za kiungulia na vidonge vya madini chuma. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini huzuia dolutegraviri, iliyomo katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, isifyonzwe vizuri. Dolutegraviri hupaswa kumezwa saa 2 kabla ya dawa hizo au saa 6 baada yake.

– Dawa zinazotolewa katika kliniki nyingine, hasa kliniki ya tiba na matunzo na kliniki ya kifua kikuu, ambazo kumbukumbu zake huwekwa peke yake. Anayetumia dolutegraviri akianza rifampisini, kipimo cha dolutegraviri huongezwa. Pasipo orodha moja, ongezeko hilo linaweza kusahauliwa.

– Dawa za asili, mafuta ya kupaka, na dawa zilizoazimwa kwa jirani.

Kuhusu dawa za kufubaza virusi, wapo wanaoficha kwa kuhofia maneno ya watu. Hofu hiyo inaeleweka. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mtoa huduma atunze siri ya hali ya mgonjwa, na mgonjwa ana haki ya kuomba azungumziwe faraghani. Asiyetaka dawa hizo ziandikwe katika daftari analobeba anaweza kuzitaja kwa mdomo ndani ya chumba cha tabibu, ziandikwe katika kumbukumbu za kituo tu. Mficha uchi hazai, na mficha dawa humfunga tabibu mikono.

Kazi ya mgonjwa na familia

Karatasi moja, au ukurasa wa kwanza wa daftari la kliniki, hutosha. Juu kabisa yaandikwe jina, umri, uzito, na dawa yoyote iliyowahi kumletea mzio, pamoja na dalili alizopata. Chini yake kila dawa iwe na mstari wake: jina kama lilivyochapwa kwenye boksi, nguvu yake kwa miligramu, idadi na saa za kumeza, ugonjwa inaoutibu, tarehe ya kuanza, na kituo kilichoiandika. Dawa inayositishwa isifutwe. Ipigwe mstari mmoja, kisha iandikwe tarehe na sababu, ili isije ikaanzishwa tena na mtu asiyejua. Kwa mtoto, uzito na tarehe ya kupimwa visikosekane, kwani kipimo chake hufuata uzito.

Siku ya kliniki, mgonjwa abebe mfuko wote wa dawa, pamoja na maboksi matupu. Asiyejua kusoma amwombe ndugu anayemsaidia amsindikize. Anaponunua dawa katika Duka la Dawa Muhimu, aonyeshe orodha kabla ya kulipa. Akiona orodha na dawa zake havilingani, asiache wala kuongeza dawa kwa uamuzi wake, arudi kituoni. Mwenye sukari akitokwa na jasho jingi, akitetemeka na kuchanganyikiwa, au mgonjwa yeyote akivimba uso na kupumua kwa shida baada ya dawa, apelekwe kituoni mara moja bila kungoja siku ya kliniki.

Kazi ya watumishi wa kituo

Kazi ya kulinganisha orodha ina hatua tano. Mtumishi hukusanya taarifa kutoka kwa mgonjwa, mfuko na karatasi ya ruhusa ya hospitali. Hulinganisha na jalada. Huamua, kwa kila dawa, kama iendelee, ibadilishwe au isitishwe. Huandika uamuzi na tarehe. Mwisho humweleza mgonjwa, kisha humwomba arudie kwa maneno yake mwenyewe namna atakavyozimeza.

Swali huzaa jibu linalofanana nalo. "Dawa unakunywa?" huzaa "Ndiyo". "Bibi, naomba unionyeshe ulizomeza jana tangu asubuhi hadi ulipolala" huzaa maelezo. Na anayesema, "Wengi huwa wanaruka siku moja moja, kwako wiki hii imekuwaje?" humpa mgonjwa ruhusa ya kusema kweli.

Pale foleni inapokuwa ndefu, kazi hii ianze na walio katika hatari zaidi: waliotoka kulazwa, wanaotumia dawa tano au zaidi, wazee, wajawazito, na wenye maradhi ya figo au ini. Muuguzi anayepima shinikizo anaweza kuukagua mfuko kabla mgonjwa hajaingia kwa tabibu, na mtoa dawa dirishani akawa mkaguzi wa mwisho.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa amerudi kutoka hospitali na boksi la dawa iliyopandishwa kipimo. Boksi la zamani alifanyie nini? Jibu: alipeleke kituoni pamoja na karatasi ya ruhusa, na asimeze vyote viwili kabla ya kuelekezwa.

2. Kwa nini dawa iliyositishwa isifutwe kabisa katika orodha? Jibu: sababu ya kusitishwa humlinda mgonjwa asipewe tena dawa iliyomdhuru.

3. Dawa iliyobaki au iliyopita muda ipelekwe wapi? Jibu: irudishwe kituoni, isigawiwe jirani wala kutupwa ovyo.

Mgonjwa anayeshuku kuwa dawa imemletea madhara amweleze mtumishi wa kituo, ili taarifa ifikishwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Asiyeridhika na huduma amwone mganga mfawidhi, au awasilishe hoja yake katika kamati ya usimamizi ya kituo, ambamo wananchi wana wawakilishi wao. Wakazi wenye wazee wanaotumia dawa za kila siku wanashauriwa waandike orodha hiyo mapema, na siku ya kliniki wasiusahau mfuko.