Jiwe Mkononi mwa Mtoto

Wakatekumeni wakiulizwa Amri ya Nne inaamuru nini, hujibu upesi bila kukosa: watoto wawaheshimu baba na mama, wawatii, wawatunze wakizeeka. Lakini wakiulizwa tena, "Na wazazi, wao wamepewa wajibu gani katika amri hiyohiyo?" hapo wengi hunyamaza na kutazamana. Mmoja hujibu: kuwalisha watoto, kuwavika na kuwapeleka shuleni. Jibu hilo ni la kweli, ila halijatimia. Hata kuku huwatafutia vifaranga wake chakula na kuwafunika kwa mabawa. Mzazi amekabidhiwa na Mungu roho ya mtoto pia, nayo roho hulelewa katika mambo madogo, mahali ambapo watu hawafikiri kwamba dini inahusika. Somo hili linatazama jambo dogo la namna hiyo: mtoto anayemtesa mnyama aliyefungwa, na mzazi anayesimama kando yake.

Achukuliwe kwa mfano baba mmoja wa kijijini aliyekwenda mjini kuuza mahindi, akifuatana na mkewe na watoto wao wawili. Mahindi yamekwisha mapema, na watoto wanaomba waonyeshwe bustani ya wanyama, ambayo watu wa mjini huiita zoo. Baba analipa kiingilio, fedha ambayo kwa mkulima si kidogo. Wanafika penye simba: simba amelala. Simba hulala na kupumzika yapata saa 20 katika siku moja, lakini mtoto hajui hayo. Yeye aona kwamba fedha ya baba yake imepotea bure. Wanafika penye mamba: mamba ameachama kinywa juani, hatikisiki hata kidogo. Ndipo mtoto mkubwa, mvulana wa miaka tisa, anaokota jiwe na kulitupa. La kwanza halikufika. La pili likampiga mamba karibu na jicho, naye akashtuka na kujitumbukiza majini. Watoto wakashangilia. Baba akacheka, akasema, "Huyu ana shabaha! Atakuwa mwindaji kama babu yake." Mama hakusema neno.

Ni nani aliyekosa hapo? Katekista akiuliza hivyo darasani, wengi watasema: ni mtoto. Wengine watasema: hakuna aliyekosa, kwa kuwa mamba ni adui wa watu. Jibu hili la pili lisichekwe. Katika vijiji vilivyo kando ya mito na maziwa ya Kongo, wako watu waliokamatwa na mamba walipokwenda kuteka maji au kuoga. Kanisa halimkatazi mtu kujilinda na mnyama anayemvizia, wala kuchinja mbuzi wake, wala kuwafukuza nyani shambani, nao nyani hujua siku mahindi yanapokomaa kabla ya mwenye shamba. Baada ya gharika Mungu alimruhusu Nuhu na wazao wake kula nyama. Hayo ni matumizi, nayo yana sababu.

Lakini mamba wa bustani hamvizii mtu. Amezungushiwa ukuta, hawezi kwenda mtoni, hawezi kukimbia, wala hawezi kumfikia anayempiga. Tena kulala kwake si uvivu: damu ya mamba haijipatii joto yenyewe kama damu ya mtu, hivyo hana budi kulitafuta juani. Mtoto aliyempiga hakupata chakula, wala hakumwokoa mtu yeyote. Alipata kicheko tu. Mwindaji mwenye heshima akimjeruhi mnyama humfuata ili ammalize, wala haketi kumtazama akigaagaa. Baba yule alisema mtoto wake atakuwa mwindaji, kumbe alikuwa anamfundisha jambo ambalo wawindaji wenyewe hulionea haya.

Wala mtu asifikiri kwamba jiwe la mtazamaji ni mchezo usio na madhara. Mwanzoni mwa mwaka 2017, katika bustani ya wanyama ya mji wa Tunis, kaskazini ya Afrika, watazamaji walimtupia mamba mawe mpaka wakamwua. Mawe yalimpiga kichwani, damu ikavuja ndani, akafa. Mnyama mwenye ngozi ngumu namna ile aliuawa kwa mikono ya watu waliokuja kutembea na kustarehe.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inawataja wanyama katika mafundisho ya Amri ya Saba, ile inayokataza kuiba. Wengine hushangaa: wizi na wanyama vina uhusiano gani? Uhusiano ni huu: wanyama ni viumbe vya Mungu, na mtu amewekwa juu yao kama msimamizi aliyewekwa juu ya mali ya bwana wake. Msimamizi anayeharibu mali ya bwana wake kwa kujifurahisha ni kama mwizi. Kwa hiyo Katekisimu, katika namba 2418, inafundisha kwamba kuwatesa au kuwaua wanyama pasipo lazima hakupatani na heshima ya mtu mwenyewe. Namba hiyohiyo inaonya pia kwamba haifai kuwamwagia wanyama fedha iliyopaswa kuwasaidia watu wenye shida, wala kuwapenda kwa mapendo yanayowastahili watu tu. Kanisa halisemi mamba ni ndugu sawa na jirani. Linasema mkono unaompiga mamba bila sababu ni mkono wa mwana wa Mungu, nao unachafuka.

Maandiko Matakatifu yanajua pia kwamba watoto hupita njiani na kuona viota. Katika Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu aliwaamuru Waisraeli kwamba mtu akikuta kiota, na mama ndege ameyalalia mayai au makinda, asimchukue mama pamoja na watoto wake, bali amwache mama aende zake. Mungu aliyeumba mbingu na nchi aliona inafaa kutoa amri juu ya ndege mmoja katika mti. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa wa karne ya 13, alipoeleza sheria za namna hiyo, alisema kwamba mtu aliyezoea kuwahurumia wanyama huwa mwepesi zaidi wa kuwahurumia watu. Wazazi wanaweza kulipima neno hilo nyumbani mwao. Mtoto anayevunja miguu ya panzi mmoja mmoja ili aone atakavyotambaa, huyo azuiwe mapema, kabla hajajifunza kumcheka kilema sokoni.

Sasa lirudiwe ulizo la kwanza. Mvulana wa miaka tisa amefikia umri wa akili, kwa hiyo si kweli kwamba hana hatia kabisa. Lakini hatia yake ni ndogo, kwani hakuna aliyemfundisha. Katekisimu, katika namba 1868, inaonyesha kwamba mtu aweza kushiriki dhambi ya mwingine bila kuinua mkono: kwa kuamuru, kwa kushauri, kwa kusifu, tena kwa kutozuia wakati alipopaswa kuzuia. Baba alisifu. Mama hakuzuia. Jiwe lilikuwa moja, na walioshiriki ni watatu.

Kuna kuhani katika Agano la Kale aliyeitwa Eli. Wana wake walidharau sadaka za Bwana, naye alijua. Hakunyamaza kabisa; aliwaonya kwa maneno, kisha akawaacha waendelee. Mungu alimwambia kijana Samweli kwamba atauhukumu ukoo wa Eli kwa sababu baba alijua uovu wa wanawe asiwazuie. Wazazi wengi wanafanana na Eli. Husema, "Acha hivyo, mtoto," bila kuinua macho, wakaendelea na mazungumzo. Mtoto ana akili: hutofautisha upesi neno linalosemwa ili litiiwe na neno linalosemwa ili lisikike tu.

Tena wazazi wenyewe hawajui mara nyingi mnyama aliye mbele yao ametoka wapi. Mjini Lubumbashi, ndani ya bustani ya wanyama, tangu mwaka 2006 kuna makimbilio ya sokwe mtu yaitwayo J.A.C.K., nayo hulea sokwe wachanga walionyang'anywa wale waliowauza na kuwafuga. Kituo kingine cha namna hiyo kiko Lwiro, katika Kivu ya Kusini, tangu mwaka 2002. Sokwe jike hubeba mimba kwa muda wa miezi minane hivi, kisha humnyonyesha mtoto miaka minne au mitano, akimchukua tumboni na mgongoni. Hamtoi mtoto wake kwa mtu. Anayemtaka mtoto humwua mama kwanza, na mara nyingi jamaa zake pia wanaokuja kumtetea. Hivyo sokwe anayeonekana amekaa peke yake pembeni, amejishika mikono, yawezekana aliwahi kuona mama yake akiuawa na watu wanaofanana na hao wanaosimama mbele ya wavu. Na hapo mtoto humtupia mfuko wa plastiki wenye ganda la karanga, apate kuona kama ataula. Akiumeza, waweza kumziba matumbo. Mtoto amekwisha kurudi nyumbani siku nyingi, hatajua kamwe.

Mtu aweza kusema: kijijini hakuna bustani ya wanyama, somo hili ni la watu wa mjini. Lakini mtoto hakujifunza kutupa jiwe siku ile mjini. Alilitupa kwanza juu ya mbwa wa jirani, akachekewa. Alimfunga ndege kamba mguuni, akamwacha aruke na kuanguka mpaka mguu ukavunjika, naye mama alikuwa hapo anatwanga. Zoo ilimpa tu mnyama asiyeweza kutoroka.

Wala fimbo haitoshi kuponya jambo hilo. Mtoto anayepigwa kwa hasira kwa sababu amempiga mbwa hujifunza kwamba mwenye nguvu ana haki ya kumpiga mnyonge; akikua atangoja zamu yake. Yafaa zaidi apewe kifaranga au mbuzi wa kumtunza, amwone akiumwa na akipona, na aambiwe wazi jambo lililo baya na sababu yake. Na iliyo ngumu kuliko yote ni hii: mzazi aliyekosa mbele ya mtoto yampasa kulirekebisha mbele ya mtoto.

Katika mfano ule, jioni ya siku ileile, watoto walipokwisha kulala, mama alisema na mumewe kwa heshima: "Baba wa watoto, nilinyamaza leo, nikakosa. Lakini wewe ulimsifu. Kesho nikimwonya, ataniambia baba alicheka." Baba alikasirika, akageuka upande wa ukuta. Siku kadhaa zikapita. Walipokwisha kurudi kijijini, alimkuta mvulana nyuma ya nyumba na tetere aliyefungwa mguu kwa uzi wa kushonea. Mtoto akainua macho, akatabasamu, akingoja kusifiwa. Baba akachuchumaa, akatoa kisu kidogo, akaukata uzi mwenyewe polepole, kwani mguu ulikuwa umevimba. Kisha akasema, "Mwanangu, siku ile mjini mimi baba yako nilicheka. Nilikosa. Usimfanyie mnyama hivyo tena, wala mimi sitacheka tena." Mtoto hakuelewa yote. Tetere aliruka chini chini mpaka ugo, akakaa pale kwa kitambo, kisha akaenda zake.

Maulizo ya kujibiwa mbele ya katekista: Kuna tofauti gani kati ya mwindaji atafutaye chakula na mtoto aliyempiga mamba kwa jiwe? Mama alishiriki dhambi kwa namna gani, ingawa hakusema neno? Kosa la Eli lilikuwa nini, naye aliwaonya wanawe? Na kila mzazi ajiulize kimya moyoni: jambo gani mtoto wake alilitenda juma hili, naye akacheka?