Dondoo muhimu: Fosfeti kwenye miamba ya pegmatiti ya Uluguru
Ukitoka Mlali kupanda milima ya Uluguru, kwanza pata ruhusa ya serikali ya kijiji na ya Tume ya Madini. Usiingie mashimo ya zamani ya ulanga. Chambua kifusi cha nje. Apatiti, fosfeti yenye fuwele za pembe sita, hufanana mno na berili: kwaruza ukingo kwa kisu cha chuma. Apatiti hukwaruzika, berili haikwaruziki. Usisafishe apatiti kwa siki wala ndimu, maana asidi huila fosfeti. Maji na mswaki laini vinatosha. Jiwe jeusi, zito ajabu, lenye ukoko wa njano, liache hapo hapo! Huenda ni uraniniti, madini ya urani yenye mionzi. Hata rutherfodini, madini mengine ya urani yaliyotambuliwa mwaka 1906, yalitoka milima hii hii. Kila sampuli iandikie mahali na tarehe papo hapo.