SOMO: TUJIFUNZE KUSOMA MAJI YA RUFIJI

Ndugu wasomaji, tumekwisha jifunza kusoma barua, mizani na kalenda. Leo tujifunze kusoma mto. Somo hili linawafaa hasa ndugu zetu wa Maparoni na vijiji vingine vya delta, wilayani Kibiti. Huko mto na bahari hukutana kila siku, na mkulima wa mpunga yuko katikati yao.

MAJI YANATOKA WAPI?

Mto Rufiji hupata maji yake kutoka mito mikubwa mitatu: Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Kwa hiyo maji yanaweza kupanda Maparoni hata kama hapo hakukunyesha. Mvua ya Iringa au Morogoro hutufikia baadaye. Siku hizi maji hayo hupita kwanza katika Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Kisha hupita Mloka, Utete na daraja la Mkapa, ndipo yanaingia delta.

VIPIMO VIWILI

Wataalamu hupima mambo mawili. La kwanza ni kimo cha maji. Hiki husomwa kwenye bao lenye alama za mita na sentimita, lililosimamishwa mtoni. Kila siku msomaji huandika namba ambayo maji yamefikia.

La pili ni wingi wa maji yanayopita. Tufanye hesabu. Tuseme mto una upana wa mita 100 na kina cha mita 2. Maji yanakwenda mita 1 kwa sekunde. Zidisha: 100 mara 2 mara 1. Jibu ni mita za ujazo 200 kwa sekunde. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani madebe 50 ya lita 20. Basi kila sekunde yanapita madebe 10,000!

Wataalamu wakishapima wingi mara nyingi, kwa vimo mbalimbali, huandika jedwali. Baadaye wakisoma kimo tu, jedwali huwaambia wingi.

DELTA INA MAMBO YAKE

Maparoni hesabu ni ngumu zaidi, kwani bahari nayo hupandisha maji mara mbili kwa siku. Ukiona kipimo kimepanda, je, ni mto au ni bahari? Wavuvi wanajua jibu linaanzia kwenye mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua. Katikati yake ni maji mafu.

Kwa hiyo kikundi kikisimamisha nguzo yake ya kupimia, kiandike daftarini mambo sita: tarehe, siku ya mwezi wa angani, saa, maji yamejaa au yamekupwa, kipimo cha nguzo, na ladha ya maji. Ladha iandikwe hivi: matamu, chumvi kidogo, au chumvi kali.

Halafu mlinganishe siku zinazofanana. Kwa mfano, mwezi tatu, maji yamekupwa, nguzo inasema sentimita 60. Mwezi unaofuata, siku hiyo hiyo, maji yamekupwa tena, nguzo inasema sentimita 90. Zimeongezeka 30. Kama maji pia yamekuwa matamu zaidi, yaelekea mto umeongezeka. Kama yamezidi chumvi, yaelekea bahari imesukuma ndani. Hapo mkulima afikiri kabla ya kupandikiza miche, maana mche mchanga wa mpunga hauvumilii chumvi.

Angalieni: nguzo isihamishwe, wala isiwekwe mahali pa kugongwa na mitumbwi. Isomeni kutoka ukingoni au chomboni. Msiingie majini, kwani Rufiji ina mamba na viboko.

KWA NINI TUANDIKE?

Warufiji wamelima kwa mafuriko tangu zamani. Maji yakipungua wakapanda mlau kwenye udongo wenye unyevu. Lakini mafuriko yakizidi huleta msiba. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bondeni kwenda sehemu za juu. Aprili 2024 maji yalifunika tena mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Watu walibishana: ni mvua, au ni bwawa?

Ubishi wa namna hii hauamuliwi kwa sauti kubwa. Huamuliwa kwa vipimo: maji mangapi yaliingia bwawani, mangapi yalitoka, na siku gani. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao Iringa, ndiyo inayosimamia vipimo vya bonde hili. Mwenye daftari lake anaweza kuuliza swali kamili kwa siku na namba. Asiye na daftari husema tu, "Maji yalikuwa mengi."

Wamisri walilijua jambo hili mapema. Kule Kairo ipo nguzo ya kupimia mto Naili iliyojengwa mwaka 861. Kwa nguzo hiyo walikadiria mavuno na kodi. Na sisi kalamu tunayo.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini maji hupanda Maparoni bila mvua kunyesha hapo?
2. Mto una upana wa mita 50, kina cha mita 3, na mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Yanapita madebe mangapi kwa sekunde?
3. Nani kijijini kwenu atatunza daftari, na nani atalisoma kwenye mkutano?

(Jibu la 2: madebe 7,500.)